Kifuniko cha gari la Wajerumani

Mwalimu,

Jumanne asubuhi katekista mmoja wa Manguredjipa alithibitisha kwamba umekufa. Alifika hapa redioni Butembo kwa miguu, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema alikuzika yeye mwenyewe pamoja na wakulima wawili. Alinipa miwani yako, ile uliyoifunga mkono kwa uzi, na kiberiti. Ndani ya kiberiti hamkuwa na njiti. Kulikuwa na kipande namba 61.

Kabla yake nilikuwa na mtu mmoja tu, dereva wa lori, aliyeona maiti kando ya njia na kutambua koti. Makoti kama lako yanauzwa sokoni kila siku. Sikutangaza. Mke wako alikuja mara tatu. Mara ya tatu aliniambia: "Shemeji, sema basi. Amekufa ao hapana? Mi hapana jua kama nilie ao nipike." Nilimjibu kwamba mtu mmoja hatoshi. Alikaa hivyo siku kumi na tisa, bila matanga, na kwao Kananga barua haivuki tangu nchi ikatwe vipande viwili na vita.

Sheria hiyo ya mashahidi wawili ilikuwa yangu kazini, lakini mezani kwako ndiko nilikoivunja. Unakumbuka Jumapili ya kwanza, tulipofungua boksi aliloacha yule padri mzee aliporudi Ulaya: mfano wa gari la vita la Wajerumani, wa kuunganisha, magurudumu manane, vipande vya plastiki ya kijivu vyenye namba ndogo kama mayai ya chawa. Nilisoma plani, ile karatasi ya maelekezo, peke yangu na kubandika kikinga-tope cha kushoto upande wa kulia. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Mutu ya redio! Na habari zako unasomaka hivi?" Kisha ukasema: "Donc, kuanzia leo, mutu mumoja hapana. Ni babili." Mmoja alisoma namba, wa pili alitafuta kipande na kuirudia. Bila hivyo hakuna kubandika.

Gundi ya boksi ilikuwa imekauka, tukatumia dawa ya mke wako, Mama Ntumba, ya kutoa rangi kwenye kucha za wateja wake. Iliyeyusha plastiki vizuri. Alilalamika kwamba wanaume wawili wenye mvi wanammalizia dawa kwa kagari ka batoto, lakini kila Jumapili chupa ilikuwa mezani.

Barabarani walipita wanajeshi wa kweli, leo hawa, kesho wale. Hatukusimama kuwatazama. Tulikuwa tunahesabu magurudumu.

Kifuniko cha juu, namba 61, nilikivunja mimi. Nilibonyeza sana, bawaba ikakatika. Nilisema tukibandike kikiwa kimefungwa, kwa sababu plani ilionyesha hivyo. Ulikataa. "Mais iache ifunguke. Batu ba ndani bapate hewa." Ulipotumwa Manguredjipa kusimamia mitihani ya wanafunzi wa mwisho, ulikichukua. Ulisema kule kuna mfua dhahabu anayeweza kutengeneza bawaba.

Sasa ninayoyajua, kwa maneno ya katekista. Mitihani iliisha Alhamisi. Ijumaa lori liliondoka na kufika Butembo salama. Hukupanda. Mfua dhahabu alikuwa amekuambia urudi kesho yake. Jumamosi ulichukua kifuniko chako, hakukuwa na gari, ukaanza njia kwa miguu. Watu wenye silaha walikukuta baada ya kijiji cha pili. Ni nani, katekista hajui, na mimi sitaandika nisichokijua.

Bawaba ni waya mwembamba wa shaba. Inafanya kazi. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi.

Nilikwenda kumwambia Mama Ntumba kabla ya kusoma habari. Nilimweleza pia habari ya Ijumaa, na kwamba aliyevunja ni mimi. Alishika miwani muda mrefu. Akasema: "Ni yeye huyo. Kitu hapana kuacha nusu." Halafu akaenda kuwaita majirani, na kilio kikaanza.

Saa sita na nusu nilisoma jina lako, kazi yako, mahali. Fundi wa mitambo alisema sauti yangu haikubadilika. Ni kweli. Nilikula mchana. Usiku nililala. Bado nangoja kitu kinifikie, na hakijafika.

Gari liko juu ya kabati kwenu, limekamilika isipokuwa kipande kimoja. Peke yangu sikibandiki. Lala salama, Mwalimu. Kifuniko hakitafungwa, nakuahidi, plani iseme inavyosema.

Tumepatana na Mama Ntumba: Jumapili, baada ya misa ya pili, mezani kwako. Yeye ataleta chupa na kusoma namba. Mimi nitairudia.