Waya Uliouawa na Baridi

Alhamisi, jioni. Mtwara leo joto limetugandisha mashati mgongoni, na mimi siku nzima nimewaza baridi.

Karakana ni ya Mzee Issa, Myao aliyenifundisha ufundi umeme. Mimi ni Mmakua, kwa hiyo ni watani, na hatujawahi kusalimiana kwa adabu. Yeye huniuliza kama kwetu Masasi panya wa kitoweo wamebaki. Mimi humuuliza atazikwa lini, tukale wali.

Wiki iliyopita alibadilisha waya wa kengele kwenye mtungi wa Dada Neema, mtaalamu wa mifugo. Mtungi una naitrojeni ya kimiminika, baridi isiyo na mfano, na ndani yake zimehifadhiwa mbegu za madume za kupandishia ng'ombe wa maziwa. Naitrojeni ikipungua, kengele inalia. Isipolia, mbegu zinakufa na wafugaji wanaambulia patupu.

Jana Dada Neema alichomoa kipimo cha kengele mtungini, akakuta ganda la waya limekatika vipande kama makopa ya muhogo. Akatuletea. Mzee akalaumu jua. Huku kwetu waya huuawa na joto na chumvi, nani angeshuku baridi?

Mimi nilishuku. Nikachovya kipande cha waya uleule kwenye naitrojeni kidogo aliyokuja nayo Dada Neema. Kikiwa kimetulia, ganda lilizuia umeme vizuri tu. Nilipokipinda, likavunjika. Unyevu ukiingia kwenye nyufa zile, umeme unavuja na kengele inakuwa pambo. Nikajaribu waya wenye ganda la tefloni, ile inayopakwa kwenye vikaango. Huo ulipinda na haukupasuka.

Nikamwambia Mzee kwa lugha yetu ya utani: "Babu, waya wako umekufa kwa baridi. Waya wa Kiyao hauna damu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mmakua wewe, baridi umeiona wapi?" Akafunga waya mwingine wa aina ileile, akamkabidhi Dada Neema.

Nami nikacheka.

Niliogopa kumkosoa mbele ya mteja, nikajificha kwenye utani. Usiku sikulala vizuri. Kila nikifumba macho naona kengele iliyonyamaza.

Leo asubuhi nimeingia karakana, nikasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mzee."

Ameweka koleo chini. Uso umembadilika. "Nani amefariki?"

"Hakuna, Mzee. Ila mbegu za watu zitakufa. Jana sikuwa natania."

Ameokota waya wa tefloni, akasema twende kwa Dada Neema. Tumeufunga pamoja, tumejaribu kengele, imelia. Dada Neema ametushukuru sote wawili.

Njia nzima ya kurudi Mzee hakunitania hata neno moja. Hakununa, lakini alikuwa akiniita fundi. Nimelitaka jina hilo tangu siku ya kwanza, na leo limeniingia kama jina la mgeni.

Kesho nitamsalimiaje?