Kisigino Kilichoshikwa

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimerudi kutoka hospitali ya Busia. Kisigino cha kushoto kinawaka kama kimepakwa pilipili. Sindano ilishindwa. Soli za mpira zilishindwa. Hata chupa ya barafu niliyokuwa nikiiviringisha chini ya wayo kila jioni — bure. Kwa hivyo leo nimekubali mashine. Shockwave, ndivyo wanavyoiita.

Fizio, yule mtaalamu wa viungo, ni msichana wa juzi tu, Vivianne, mikono baridi. Akanipaka jeli, akabonyeza kwa kidole gumba akitafuta panapouma kabisa. Nikaruka. "Ni hapo, madam?" Ni hapo! Akaweka kichwa cha chuma, akawasha. Tak-tak-tak-tak. Si umeme, akaeleza, ni mapigo. Yanaingia hadi kwenye ule utando wa chini ya wayo uliochakaa ili mwili ushtuke, uanze kujitengeneza tena. Nilishika kitanda kwa mikono miwili.

Halafu Japheth akaja, mume wangu niliyemzika. Sijui niandike vipi. Sikumwona. Lakini kabla ya kila safari ya lori alikuwa akizunguka trela, anagonga kila tairi kwa kipande cha mti, anasikiliza ipi imelegea. Sauti ile ile. Nikalia. Vivianne akapunguza nguvu — alidhani ni uchungu wa mguu.

Jumapili, 11 Mei

Sikuenda kanisani. Mguu ni mzito. Vivianne alionya kwamba utauma siku mbili tatu, na nisimeze zile dawa za kupunguza uvimbe.

Apio wa nyumba ya pili ameniletea uji. Akaangalia mguu, akasonya. "Hiyo si ya hospitali, madam. Bwana yako amekushika." Nikacheka. Alipotoka niliacha kucheka.

Jumanne, 13 Mei

Mama mkwe amepiga simu kutoka Funyula. Maneno yale yale ya Apio! Mjane hawezi kutoka makaburini na kurudi Malaba kufundisha kama aliyetoka sokoni. Hakuna aliyenisimamia, mila haikufanywa, kwa hivyo Japheth hajatulia. Nirudi nyumbani. Okwara, mdogo wake Japheth, yuko tayari kunirithi. Yuko tayari! Kama dereva anayengoja zamu yake.

Nikamwambia niko kwa matibabu.

"Matibabu ya nini, Phoebe? Ya kumfukuza mtoto wangu?"

Nilikata, nikasingizia mtandao.

Jumamosi, 17 Mei

Mara ya pili. Ameongeza nguvu. Niliuma meno, nikavumilia.

Vivianne akauliza mguu ulianza kuuma lini. Nikasema Oktoba. Kisha mdomo ukaendelea wenyewe, maneno ya Apio, halafu yote ambayo sijawahi kumwambia mtu. Siku hiyo simu ya Japheth ilikuwa ikiita bila kupokelewa tangu asubuhi. Nikaacha darasa, nikaifuata foleni ya malori ya mpakani kwa miguu, nikisoma nambari za magari moja moja. Mbele yake trela zilikuwa zimesonga. Yeye hakusonga. Walio nyuma wanapiga honi, wanatukana. Walidhani amelala. Hata mimi — nilipanda kabini nikaanza kumgombeza! Nikamshika mkono. Baridi.

Sikushuka kwa ngazi. Niliruka. Nikatua kwenye lami kwa kisigino.

Vivianne alikuwa ameizima mashine. Akasema kuruka vile, halafu kusimama darasani siku nzima miezi yote hii, kunatosha kabisa. "Haihitaji mtu wa kukushika, madam."

Inatosha. Najua inatosha. Mbona basi sikufurahi?

Jumatatu, 19 Mei

Hatua ya kwanza ya asubuhi. Msumari, kama kawaida. Na mimi nikamwuliza Japheth kwa sauti, "Umeamka?"

Nimechoka au nimerogwa?

Jumamosi, 31 Mei

Nimemaliza. Vivianne ameniambia nisitarajie miujiza leo wala kesho. Nafuu huja polepole, wiki hadi wiki. Niendelee kunyoosha — vidole kwenye kizingiti, kisigino kikining'inia. Akanikumbatia mlangoni. Sidhani huwa anawakumbatia wagonjwa.

Ndoto ya Japheth bado inanijia usiku. Anatembea kando ya malori, mgongo kwangu. Nikimfuata, ninachechemea, simfikii.

Jumatano, 18 Juni

Nimefundisha nimesimama vipindi vitatu mfululizo. Sikutafuta kiti! Mwalimu Paulinus akanitania ofisini kwamba nimenunua miguu mipya Uganda. Tukacheka wote.

Halafu ikanijia, chai ikiwa mdomoni: tangu alfajiri sijamkumbuka Japheth. Hata mara moja. Nikatoka nje haraka, nikasimama nyuma ya jiko la shule kama mtu aliyesahau mtoto njiani.

Usiku wa kuamkia leo ndoto pia haikuja.

Jumamosi, 5 Julai

Wako sebuleni. Naandika haraka.

Walikuja bila kusema, Mama mkwe na Okwara, na kuku. Nilisikia sauti ya Mama langoni nikakimbia kumpokea. Nikakimbia! Ndilo kosa. Hakunisalimia. Aliangalia miguu yangu, mmoja, kisha mwingine.

"Unatembea vizuri."

"Ndiyo, Mama. Matibabu yamesaidia."

Ndani, Okwara akaanza maneno aliyotumwa — shemeji, ukoo umekaa, shemeji, mambo ya mila. Nikamkatiza. Nikasema siji Funyula kufanyiwa hayo, na mguu wenyewe umepona bila hayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Okwara akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Kumbe hata yeye hakutaka! Akasema kwa sauti ndogo kwamba ana mchumba Butula, ni vile Mama alisisitiza.

Lakini Mama hakuwa akitusikiliza. Aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti — mama mzima, mbele yangu — akashika kisigino changu kwa viganja vyote viwili. Akakibonyeza pale pale. Pale pa Vivianne.

"Hapa hapaumi?"

"Hapaumi, Mama."

"Hata kidogo?"

Nikatikisa kichwa. Akaniangalia juu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Nilikuwa najua yuko kwako," akasema. "Nilikuwa nalala kwa sababu najua yuko kwako. Sasa yuko wapi?"

Okwara anamwinua, hakubali. Ameketi sakafuni, ananingoja. Nimesingizia kuleta maji, nikaingia huku chumbani.

Nimevua viatu. Saruji ni baridi. Nakanyaga kwa kisigino kumtafuta — hakuna kitu. Nakanyaga tena, kwa nguvu. Mama ananiita. Nakanyaga tena —