Pistoni Zimenenepa

Jumatatu, 7 Aprili

Nimewasha moto, nimegeuza samaki, nimeteremsha pistoni nne kutoka uchagani. Nimezipangusa masizi, nimezifunga ndani ya kitenge, nimempelekea Fundi Ramazani kabla jua halijapanda. Garaji yake haina mlango, ndiyo maana zinalala kwangu. Na kwa mvua hizi, kitu kisicholala juu ya moto kinaota kutu. Chumvi yangu iko huko, mbegu za mahindi ziko huko, samaki wa kuuza wako huko.

Leo ndiyo siku ya kujaribu. Silinda za pikapu ya marehemu mume wangu zilikuwa zimelika, injini ikanywa oili kama mlevi. Fundi aliagiza kwanza pistoni nene zaidi. Zilipofika alizipima, akampa vipimo Omari, jirani yake mwenye mashine ya kuchonga vyuma, na Omari akapanua kila silinda kwa kipimo cha pistoni yake. Fundi ana msemo wake: kiatu hushonwa kwa mguu, si mguu kwa kiatu.

Zimekataa. Zinaingia kwa shida, na kile kibati chembamba anachopitisha pembeni kupima nafasi hakipiti kabisa. Nimerudi nazo nyumbani. Sijala.

Jumanne, 8 Aprili

Binti yangu Asina amepata simu ya kuazima. Dakika mbili tu. Bado yuko Lubutu, yeye na mjukuu wangu Zawadi, wanalala kwenye darasa la shule pamoja na wakimbizi wengine. Mguu uliovunjika haujaunga. Vita vilipoingia kijijini kwao alianguka akikimbia, watu wakambeba kwa machela msituni. Mjane kama mimi, mguu mmoja mzima, mtoto mmoja. Akacheka akisema hajambo. Namjua akicheka hivyo.

Pikipiki haiwezi kumleta. Wenye magari hapa Kindu nimewaomba wote, wameikataa njia ile. Imebaki pikapu yangu, na pikapu yangu ni bloku tupu ya injini juu ya meza ya Fundi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Jumatano, 9 Aprili

Ugomvi. Fundi amezipima tena pistoni mara tu nilipofungua kitenge. Si zile za wiki iliyopita, anasema. Zimenenepa. Alama zake zipo, moja mpaka nne, mwandiko ni wake, lakini kila moja imezidi. Amempigia Omari kelele kwamba amezibadilisha. Omari naye kamwambia chombo chake cha kupimia kizee kama yeye mwenyewe. Wote wawili wanafanya kazi kwenye kiwanja kimoja miaka yote hii, leo hawakusalimiana.

Mimi nimekaa juu ya tairi kama mshtakiwa. Chuma kinanenepa? Mimi hapa sijanenepa, na nakaa jikoni kutwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi nimezipeleka tena. Zimekataa tena. Sasa wamepatana: Omari ataiwasha mashine kesho, apanue silinda kidogo zaidi. Fundi hapendi. Ameniambia wazi kwamba ukipanua huwezi kurudisha. Pistoni ikilegea ndani itagonga, oili itapanda, na injini itakufa kati ya hapa na Lubutu, msituni. Nikamwambia apanue. Aliniangalia sana.

Naogopa. Nimeamua kitu nisichokijua. Bloku imehamia kwa Omari, na pistoni nimeziacha humo, mlango wake una kufuli, aanze mapema.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee wa nyumba inayopakana na kiwanja cha mafundi amefariki alfajiri. Mwenyezi Mungu amrehemu. Na mtaani kwetu kukiwa na msiba hakuna kugonga chuma wala kuwasha mashine mpaka matanga yaanuliwe. Omari amefunga mlango wake, pistoni na bloku ndani, akaenda kuchimba kaburi.

Nimepika wali wa msiba na wanawake wenzangu. Nimelia sana kuliko wenye maiti. Wakanibembeleza, wakifikiri nilimpenda sana yule mzee. Nilikuwa nalilia mashine.

Jumamosi, 12 Aprili

Kimya. Mvua. Nimekaa matangani, nimeosha sufuria. Asina ameandika ujumbe kwa simu ya mtu: likizo ya Pasaka ikiisha darasa linarudi kwa wanafunzi, wao watatolewa. Watapelekwa wapi, hakuna anayejua. Nina hasira na marehemu. Najua ni dhambi. Angengoja siku moja tu.

Jumapili, 13 Aprili

Matanga yameanuliwa baada ya alasiri. Wameona kumekuchwa, hawakuwasha. Nimeuza samaki wachache. Mteja kanirudishia mmoja, anasema ana moshi mno. Nimemwambia akanunue mbichi mtoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo naandika kwa furaha.

Nilifika mapema. Omari alikuwa ameshafunga bloku kwenye mashine. Fundi akaomba azipime mara ya mwisho. Akapima ya kwanza. Akapima ya pili, ya tatu, ya nne. Akazirudia zote. Kisha akaiweka ya kwanza ndani ya silinda yake na ikateremka yenyewe polepole, na kile kibati kikapita pembeni vizuri, kikibana kidogo kama anavyotaka. Zote nne. Fundi alikaa chini, kwenye oili, na suruali yake safi ya msibani.

Halafu akaniuliza kwa aibu:

“Mama Asina, unisamehe. Hii kitu inanisumbua tangu siku ya kwanza. Pistoni zako zilikuwa zinanuka samaki. Unazilalishaka wapi?”

“Juu ya moto.”

“Moto gani?”

“Ya jiko, Fundi. Kule uchagani, na samaki yangu. Zisipate kutu!”

Omari alitoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. Fundi akashika kichwa: “Njo maana! Nilisikia ziko na moto kidogo, nikasema ni jua ya njiani. Mama, we' ulikuwa unazipika!”

Amenieleza. Chuma cha pistoni ni chepesi, kikipata joto kinavimba kuliko chuma cha bloku. Mimi nilikuwa nazitoa motoni na kuzifunga kwenye kitenge, zinafika bado zimevimba, zinakutana na silinda iliyolala baridi mezani. Siku za msiba zimelala na bloku chumba kimoja, joto likalingana. Omari angepanua Ijumaa, injini ingekwisha.

Nimepita kwenye nyumba ya msiba. Nimemwombea yule mzee dua ndefu, na nimeomba msamaha kwa ile hasira. Kawia ufike, walisema wakubwa. Nimefurahi hata naona haya.

Jumatano, 16 Aprili

Imewaka. Imekohoa mara mbili, ikanguruma. Moshi mweupe kidogo, kisha hakuna. Kelele mtaa mzima, watoto wakapiga makofi. Fundi anasema injini mpya haikimbizwi, na ataendesha mwenyewe. Nikauliza kama njia ya Lubutu haitaiumiza. Akasema mashimo yale hayamruhusu mtu kukimbia hata akitaka. Omari amemletea dumu la oili, wamesalimiana.

Kesho tunavuka Lualaba kwa kivuko cha kwanza.

Jumapili, 20 Aprili

Lubutu. Siku tatu za matope. Injini haikugonga hata mara moja. Oili ileile tuliyotoka nayo, Fundi anaipima kila tukisimama na kunionyesha kama picha ya mtoto wake.

Asina amekonda. Nilimkuta ameketi mlangoni mwa darasa, mguu umefungwa vijiti. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Zawadi amesimama nyuma yake, hakunisogelea.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumerudi Kindu, mtaani kwetu Kasuku, salama. Askari walitusimamisha mara nyingi, walitafuta chini ya godoro la Asina, wakatuachia. Asina amelala nyuma njia nzima. Mungu ni mkubwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Daktari ameuona mguu. Umeunga vibaya kidogo lakini atatembea. Nimeshusha pumzi.

Asina ameketi uani anachambua maharage, anauliza habari za wenzake wa zamani. Jua limetoka. Zawadi tangu afike analala na viatu miguuni, kamba zimefungwa vizuri. Mama yake ameniomba nisimvue, eti kule usiku ilibidi kuwa tayari kukimbia. Nimemtandikia mkeka hivyo hivyo.

Leo baada ya kula amejinyoosha mkekani. Akakaa tena. Akafungua kamba ya kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka mlangoni pamoja na vyangu. Sasa amelala.