Sahihi ya Nahodha

3 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Hujambo? Kile kifua kimepoa? Mimi mzima, ila magoti yanagombana na ndoo. Jezi za timu bado nazifua mwenyewe, kila Jumatatu.

Nina habari ya kukutoa usingizini. Katibu wa mashabiki alikuja hapa ninapofulia, akaniachia karatasi zenye mistari mitupu. Wanaomba msamaha wa rais kwa ile fainali iliyouzwa. Akaniambia, "Mama, ni kwa vijana wetu." Nikaandika jina langu mstari wa kwanza, nikaanza kugonga milango. Mwenye bucha alitema mate karibu na kiatu changu, akasema mwanao aliachia magoli manne huku anatazama. Kesho yake nikarudi, akasaini. Nimefika majina mia sita. Umekaa gerezani miaka mitatu, baba. Hiyo sita iliyobaki hutaimaliza.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima, kwa uzima wa huku.

Nahodha wetu kasamehewa, katoka jana, peke yake. Tumesikia kwenye redio ya askari: watu wamejaa getini, wanaimba, wamembeba mabegani. Huyo huyo aliyeiuza mechi, akanifuata chumba cha kubadilishia nguo kunipangia nirukie upande gani. Mahakamani nilifunga mdomo kwa sababu aliniahidi: tumeingia pamoja, tutatoka pamoja. Mtangazaji alipomuuliza habari zangu, akacheka. "Mimi nilikuwa mbele, bwana. Ya golini muulizeni aliyekuwa golini." Bweni zima lilicheka naye.

Leo wamebandika gazeti ukutani. Pichani Nahodha ameinua karatasi mbili. Moja ina jina lake kwa herufi kubwa, kwamba asamehewe. Ya pili ina sahihi, na mstari wa kwanza ni mwandiko wako. Naujua, ndio ulioandika jina langu ndani ya kola ya kila jezi niliyovaa. Mama, alikupa nini?

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mawe yake pia. Sikupewa kitu. Karatasi yenye jina lake waliibana juu baadaye, mimi nilipewa mistari. Sikuuliza. Nilisikia "vijana" nikajua na wewe umo. Miaka ishirini nafua jezi za watu hawa, ningewadhania vipi? Shukrani ya punda mateke.

Sasa nimechukua karatasi mpya, jina lako nimeliandika juu mwenyewe, langu mstari wa kwanza. Ofisi ya misamaha inataka majina hamsini, mwisho tarehe thelathini na moja Mei. Nilidhani nitamaliza kwa siku moja. Watu wananiambia, "Mama, sisi tulishasamehe." Walimsamehe yeye, na wanaona imetosha. Mwenye bucha alinieleza vizuri, hata hakukasirika: "Ile fainali bado inatuuma. Nahodha tunampenda. Tumchukie nani?" Kisha akanipimia nyama yangu.

Nimepata arobaini na moja, wengi wagonjwa na wazee wasiojua mpira. Nitamfuata Nahodha mazoezini, wamemrudisha awe mshauri. Akisaini yeye, mtaa mzima utasaini.

Mama yako

7 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa yale niliyoandika, ukuta huu unaharibu akili. Nimekuamini.

Lakini kwake usiende. Nakuomba. Tafuta hao tisa popote, hata makaburini, ila kwake usiende.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Barua yako ilikaa posta, nimeipata nilipokwisha kwenda.

Nilimkuta uwanjani kazungukwa na mashabiki, wanamletea mipira na fulana asaini. Nikasimama kwenye foleni na karatasi yako. Ilipofika zamu yangu akanikumbatia, akasema huyu ndiye mama aliyenifulia jezi. Nikamwambia, saini hapo chini, mwanangu, mstari wa arobaini na mbili. Hakutazama. Alishika ile kalamu nene nyeusi, akasaini karatasi nzima toka kona hadi kona kama anavyosaini mipira, akachora na moyo. Wakatupiga picha. Wino ulikunywa majina yote. Lako la juu limebaki herufi mbili.

Nilimwambia umeniharibia. Akanipiga-piga begani, akaniambia, "Mama, hiyo ina thamani kuliko zote." Watu wakacheka, na mimi wakanitoa kwenye foleni.

Ofisini karani aliigeuza juu chini, akasema haisomeki. Nilirudi kwa wale arobaini na mmoja. Wawili wamekufa, wengine walisema wameona gazetini nimepiga picha na Nahodha, kwa hiyo yameisha. Tarehe ikapita. Mlango mwingine unafunguliwa baada ya miaka mitatu. Nimeshindwa, baba. Nimekosa mara mbili, na makosa yote mawili unayalipia wewe.

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Usilie. Mimi mzima.

Ile karatasi unayo bado? Usiitupe. Nalala chini ya bomba linalovuja, ndiyo sababu kifua hakiponi. Mkuu wa zamu ni shabiki wa Nahodha kufa na kupona. Nimemwambia nyumbani kuna sahihi yake, kubwa, na moyo. Ameahidi kunihamishia kitanda cha dirishani. Nitumie.

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Nimeifunga humu. Nimeikunja sahihi yake ikae nje, askari asisumbuke kuitafuta. Mle ndani, ukiielekeza kwenye mwanga, mstari wa kwanza unasomeka kidogo chini ya wino. Ni jina langu. Litazame kabla hujampa.

Ujifunike kifua.

Mama yako