Mkanda Nilioushona Mwenyewe

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Alhamisi, maana sina mwingine wa kumwambia, mume wangu atacheka na mimi sina hali ya kuchekwa.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na kabla ya kuolewa nilikuwa nacheza judo, nikaacha nilipopata mimba ya kwanza, na mwaka huu, baada ya miaka tisa, nikaamua nirudi, nikaenda klabu moja iliyo ghorofani juu ya duka la rangi, mwalimu akaniuliza niliishia mkanda gani, na sijui shetani gani alinipitia, niliona wasichana wamekaa wananitazama kitambi changu, nikasema kahawia. Shangazi, niliishia njano, mkanda wa wanaoanza! Mwalimu wangu wa zamani alishafariki, nikajua hakuna wa kunisuta. Huo mkanda wa kahawia nimeushona mwenyewe, nikaufua mara nne na kuusugua kwenye sakafu ili uonekane mkongwe.

Sasa pale mwenye mkanda wa juu ndiye anayeaminiwa. Wa chini anakupa shingo yake umkabe, akigonga mara mbili kwa kiganja, ishara kwamba imetosha, unaachia papo hapo. Mimi kukaba sikuwahi kufundishwa, kwenye njano tulikuwa hatujafika huko. Jumamosi nikapangwa na binti mmoja anayeuza duka la dawa, mkanda wa kijani, nikamkaba kwa kuigiza wenzangu, akagonga, mimi nikadhani anatafuta pa kushika, nikakaza. Akalegea mikononi mwangu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hanioni. Ilikuwa sekunde chache, wakamwinua miguu, akazinduka, halafu yeye ndiye akaniomba radhi, eti alichelewa kugonga.

Tangu hapo simu ikilia roho inaruka, nadhani naambiwa ameanguka dukani. Na mwalimu ameniandikisha mtihani wa mkanda mweusi, mazoezi ya kukaba ni Alhamisi, na binti yule yule ameomba awe mwenzangu kwa sababu ananiamini. Nikisema ukweli nitaumbuka mbele ya watu wote, nikinyamaza naogopa nitaua mtu. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Hofu

*

Marahaba, fundi. Pole sana, na nasema pole ya kweli, maana wengine wangeshasahau na kuendelea kutamba. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Yaani umehatarisha uhai wa mtoto wa watu kwa sababu ya kitambi? Ebo! Hao wasichana walikuwa wanawaza viatu vyao. Na huo ufundi wa kuchakaza mkanda mpya, ungeutumia kujifunza kuanguka, somo la kwanza la judo, ungekuwa umefika mbali. Mteja akikuletea kitambaa cha harusi, utamwachia mwanafunzi wa wiki moja akikate? Huwezi. Na kitambaa kinanunuliwa kingine.

Hofu yako usiitafutie dawa, inakuambia ukweli. Kuumbuka utaumbuka, sitakudanganya. Utalia siku mbili, wiki ya tatu watu watakuwa na habari nyingine.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu kabla hajafungua darasa, mkanda ukiwa mkononi, si kiunoni. Mwambie ulikuwa njano na usimwekee visingizio. Mwombe afute jina lako kwenye mtihani, akupime mwenyewe, akuweke anapoona panakufaa. Akikupa mweupe, funga mweupe na ushukuru. Wanaorudi baada ya miaka mingi wengi huanza chini, hata waliokuwa na mikanda ya haki, maana mwili unasahau. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, utafute klabu nyingine uanze kwa jina safi.

Lakini hilo ni la kesho. La leo ni binti. Kupoteza fahamu si jambo dogo, aende akaonwe na daktari hata kama anajisikia mzima, na wewe umsindikize. Halafu kuna kitu kinachonitisha kuliko mkanda wako: binti huyo anaamini kosa ni lake. Anatembea huko akijilaumu, na Alhamisi atampa shingo yake mtu mwingine akidhani yeye ndiye mzito wa kugonga. Weka gazeti chini, mpigie sasa hivi, umwambie aligonga kwa wakati.