Mstari Kwenye Kila Picha

Mpendwa kaka,

Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na watoto je? Naomba barua hii iwakute wazima wote. Mimi nikisema sijambo nitakudanganya, nikisema naumwa utacheka, kwa hiyo vumilia hadi mwisho ndipo uamue mwenyewe. Nimeshika simu mara kadhaa nikaiweka. Ungenikatiza kwa utani wako, ungeniita Kiherehere, na mambo yangeishia hapo. Barua haikatizwi.

Kazi yangu bado ni ileile ambayo huwezi kuwaelezea watu bila kucheka. Watu wanapiga picha za anga, wanaona kitu cha ajabu, wanatuletea hapa kituo cha nyota, nami nawajibu. Juzi mama mmoja alileta picha ya mwezi yenye mpira wa kijani pembeni, akasema ni sayari mpya na anataka ipewe jina la mumewe. Nikamweleza kwamba ni mwanga wa mwezi huohuo, umegonga vioo vya ndani ya kamera ukarudi. Alininunia hadi mlangoni. Bwana mwingine nyota zake zilijikunja kama nyoka, anaapa ni majini, kumbe mkono ulimtetemeka. Wenye doa nawapa dawa moja: geuza kamera, piga tena. Doa la angani litahama pamoja na nyota zake. Likiganda palepale kwenye kona yake, liko kwenye kamera.

Basi mwezi uliopita nikaanza kuona mstari. Mweusi, mwembamba kama uzi, juu kushoto, na si kwenye picha za wageni tu, hata za darubini yetu kubwa. Nikamwendea fundi wa darubini nikamwambia kamera yake chafu. Akasafisha. Mstari upo. Nikamwambia hajui kusafisha. Unanijua nikishapandwa, kaka. Akafungua tena, akanionyesha kioo kinang'aa, nami nikasema mbele ya watu wote kwamba anatuharibia kazi. Nikazuia picha zisitoke ofisini. Wenzangu wakawa wananikwepa hata wakati wa chai, nami nikazidi kuwaka, maana nilikuwa nauona kwa macho yangu na wao wananiambia haupo.

Mwishowe mkuu wetu, mama asiyependa makelele, alichapisha picha moja kwenye karatasi, akaiweka mezani na kuniambia nimwonyeshe huo mstari. Nikaugusa kwa kidole. Akaigeuza picha juu chini, akaniambia nionyeshe tena. Nikagusa juu kushoto, vilevile. Fundi hakucheka, na laiti angecheka! Alinivutia kiti tu.

Mstari haukuwa kwenye picha, kaka. Ulikuwa ndani ya jicho langu.

Daktari wa macho alisema ule utando wa nyuma ya jicho, unaopokea mwanga, umechanika, na ningeendelea kugombana na kamera ungeachia kabisa. Wameuziba kwa mwale mkali wa mwanga. Naona, ingawa uzi wenyewe haujaondoka. Fundi nimemwomba radhi, akasema yameisha. Lakini daktari aliniuliza kama nyumbani kuna aliyepoteza jicho. Nikamtaja baba, na lile vumbi la kiwandani tuliloambiwa ndilo lililompofusha. Akasema huenda halikuwa vumbi, kwamba ugonjwa huu hutembea kwenye familia, na ndugu zangu wote wapimwe upesi. Ndugu yangu ni wewe tu.

Tangu hapo situlii. Nabandika sufuria naisahau, nakaa nasimama. Nakukumbuka ulipopita kwangu, umesimama nje unasugua kioo cha mbele cha lori lako na kukitukana, eti kina mkwaruzo usiotoka. Baadaye ukabadilisha kioo, ukaniambia wamekuuzia kingine chenye mkwaruzo uleule. Nilicheka mbavu sina. Mimi, ambaye kazi yangu ni hiyo!

Egesha lori. Funga jicho moja utazame ukuta mweupe, kisha jingine. Na hata usipoona kitu, nenda kapimwe. Ukiuona mkwaruzo wako ukutani, usiendeshe hata kwenda hospitali, panda gari la mtu mwingine. Tafadhali usinitanie kwa hili. Naogopa, kaka. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya jicho langu.

Nibusie watoto, na majirani wote wape salamu zangu. Nakupenda, hata ukinuna.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere

Shemeji, najua ni wewe unayemsomea, maana siku hizi analalamika kwamba mwandiko wangu umeharibika. Mwandiko wangu ni uleule. Ukifika hapa, inuka, chukua funguo za lori, uzifiche.