Nikinunua Mtungi Mume Ananuna, Nikikodi Nanuna Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijatoa neno nitakalolijutia, maana mimi ni mwanamke wa kuchomelea vyuma, ndiyo, umesoma sawasawa, mtaani wananiita Mama Cheche, kazi naifanyia kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yetu, na mume wangu ni fundi cherehani anayeshonea katika chumba cha mbele, kwa hiyo kwetu mbele ni uzi na nyuma ni moto, na miaka yote tumepatana vizuri tu mpaka huu mtungi wa gesi ulipoingia kati.

Zamani nilichomelea kwa rodi, mageti na madirisha mazito, gesi sikuihitaji, lakini mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo iliyo jirani amenipa kazi ya reli za ngazi, zote za mabomba membamba, na bomba jembamba ukiligusa kwa rodi linatoboka, basi dada yangu akaniachia mashine yake ya kuchomelea kwa waya, na hiyo nayo bila gesi ya kukinga chuma kinapoyeyuka hufanyi kitu, hewa inaingia na mshono unajaa vitundu. Mtungi wa kujaribia niliazima kwa fundi mwenzangu, naye ameshauchukua. Sasa lazima niwe na wangu, nami nataka kununua, lakini mume wangu akaniambia, "Kodi kwanza, mke wangu. Haraka ya nini?" Mshauri, maneno hayo yaliniunguza kuliko cheche, maana niliyasikia kama anasema huyu naye atachoka tu, nikamjibu, "Kwani wewe cherehani yako umekodi?" na tangu hapo ametulia kama maji mtungini, nikimsemesha ananijibu kwa kichwa kana kwamba ana pini mdomoni, hata siku hana pini.

Na kinachoniuma ni kwamba ni yeye huyohuyo aliyenishonea aproni ya ngozi, akavunja sindano kibao, akaipiga mshono mara mbili kifuani na kunitilia mfuko wa chaki, halafu leo hataki niwe na mtungi! Mtu aliyeanza na cherehani nyingine kabla hatujaoana, ambayo mpaka leo hajaniambia ilipotelea wapi, ndiye wa kunifundisha kununua vitu?

Sasa kuna bwana wa vyuma chakavu anao mtungi wa bei ya kutupa, umepakwa rangi mpya unang'aa, ila shingoni hauna maandishi, una alama za grenda, ile mashine ya kusagia chuma, nilipomuuliza akasema, "Mama, hiyo ni kutu tu, nimeisugua," nami nikamwambia aniwekee. Mwalimu mkuu anasubiri, akiona nasuasua atawapa wengine, nami natamani sana wale watoto wapande ngazi wameshika kazi ya mkono wangu. Tena hata ule wa kuazima uliisha upesi mno, nikifungua gesi kidogo vitundu vinakuja, nikifungua sana inakwisha, na lile joto la kibarazani bila feni siliwezi, ndiyo maana naona kukodi kutanifilisi. Nifanyeje?

Mama Cheche, kibarazani


Mama Cheche,

Kwanza zima feni.

Usishangae. Marehemu mume wangu aliendesha lori la mitungi ya gesi, na kila akirudi alinisimulia habari zake mpaka nikaijua mitungi kuliko mashemeji zangu. Ile gesi inatakiwa itulie juu ya chuma, nawe unaipulizia upepo, kisha unaifungua zaidi ili ishindane nao! Tundika turubai upande upepo unakotoka, acha upande mwingine wazi upate kupumua, na joto likizidi pumzika. Utaona mtungi unadumu.

La pili, yule bwana wa vyuma chakavu. Hapa nimekukasirikia. Wewe unayeshinda na grenda mkononi unaambiwa hiyo ni kutu, nawe unajitia hamnazo? Shingoni ndipo pana jina la mwenye mtungi na tarehe uliyopimwa usalama wake mara ya mwisho. Aliyefuta hapo alijua anachofuta. Huenda ni mtungi wa kukodi wa kampuni fulani, na ukiupeleka kujazwa watakunyang'anya. Hilo ni afadhali, kwani hujui chuma chake kimechoka kiasi gani, na gesi ndani yake imebanwa kwa nguvu nyingi, nyumbani kwenu, nyuma ya ukuta anaoegemea mumeo. Mwambie leo hii kwamba huutaki.

Sasa jibu lako: kodi. Ukikodi, tupu unarudisha na uliojaa unachukua, kazi haisimami, na kuupima ni shughuli ya wenyewe. Ubaya wake ni kwamba kodi inakwenda hata mtungi ukiwa umelala pembeni. Kwa hiyo maliza reli za shule, kisha tazama. Ukiona unaubadilisha mara kwa mara, nunua wako, mpya, na stakabadhi yenye jina lako, ila kwanza uliza dukani kama wanajaza mtungi wa mteja, maana wengine hawagusi usio wao. Ukiona unalala zaidi ya kufanya kazi, urudishe bila aibu. Na wowote utakaouleta, usimamishe wima, uufunge mnyororo ukutani, nje, mbali na vyumba vya kulala. Mtungi unakodiwa, mama. Ufundi ni wako, hakuna anayekukodisha huo.

Tumalizie kwa fundi cherehani wako. Pole, najua ukimya ndani ya nyumba unavyochosha. Lakini hebu jisomee barua yako mwenyewe! Mtu anayedhani mkewe atachoka havunji sindano kwenye ngozi, wala hapigi mshono mara mbili. Anakuamini, tena sana. Mimi naona ulipomrushia lile swali la cherehani ulimgusa kwenye kidonda usichokijua. Cherehani haipotei kama kifungo, Mama Cheche. Nadhani aliinunua kwa pupa, pengine kwa mtu kama huyo wako wa kutu, ikamponyoka, na hataki yakukute yaliyomkuta. Naweza kuwa nimekosea. Anayejua ni yeye.

Basi kesho mwende wote wawili kwenye duka la gesi, mkataba uandikwe kwa jina lako, na mtungi muubebe pamoja. Lakini leo, kabla ya yote, vua aproni, nenda chumba cha mbele, umwombe radhi kwa lile neno, kisha umuulize ile cherehani ya kwanza ilikwenda wapi. Ukishauliza, nyamaza. Mpe nafasi atoe pini mdomoni.